Maswali ya Wasomaji: Kuonja Kahawa kwa Utulivu

Katika toleo lililopita tuliandika kuhusu kahawa maalumu, yaani kahawa ambayo waonjaji waliofunzwa wameipa alama 80 au zaidi kati ya 100 kwa kipimo kilichotumika katika biashara hiyo kwa miaka mingi. Barua zilizofuata hazikuuliza sana kahawa hiyo inauzwa wapi wala kwa bei gani. Nyingi ziliuliza namna ya kuionja. Jambo hilo limenifurahisha mno. Nchi zetu zimelima kahawa ya aina ya arabika kwa zaidi ya karne moja, lakini wengi wetu tumeifahamu kama zao la kuuza tu, na ustadi wa kuionja umebaki kwa wanunuzi na katika maabara za mnadani. Ustadi huo haudai ulimi wa ajabu wala vyombo vya gharama. Unamtaka mtu atulie, alinganishe kikombe kimoja na kingine, na akumbuke alichokipata.

Swali: Mhariri, nilinunua pakiti ya kahawa ya Mbeya iliyoandikwa kuwa ina vionjo vya maua, chungwa na sukari guru. Nimeinywa wiki nzima na sijapata kingine zaidi ya uchungu. Je, maandishi hayo ni ya kuvutia wateja tu, au ulimi wangu una kasoro? – Msomaji wa Kinondoni, Dar es Salaam

Jibu: Ulimi wako hauna kasoro, ndugu yangu, na inawezekana kabisa kwamba maandishi yale ni ya kweli. Hakuna aliyetia chungwa katika kahawa hiyo. Kinachotajwa ni harufu zilizotokana na aina ya mbuni, yaani mti wa kahawa, udongo na mwinuko wa shamba, namna kahawa ilivyooshwa na kukaushwa, na jinsi ilivyokaangwa, na harufu hizo hukumbusha maua au tunda fulani.

Ulimi peke yake hutambua mambo machache: utamu, uchachu, uchumvi, uchungu, na ile ladha nzito ya mchuzi wa nyama au uyoga. Yaliyobaki, ambayo ndiyo mengi, ni kazi ya pua, na pua haifanyi kazi hiyo kwa kunusa kikombe tu. Unapomeza na kutoa pumzi, mvuke wa kile ulichokunywa hupanda kutoka nyuma ya koo na kuingia puani kwa njia ya ndani. Jaribu leo: bana pua kwa vidole, piga funda moja la kahawa, limeze, kisha achia pua na utoe pumzi polepole. Wakati pua imebanwa utapata uchungu na uchachu tu, na mara baada ya kuiachia kahawa itafunguka. Anayekunywa kwa haraka huku anazungumza au anasoma simu huikosa pumzi hiyo, na humo ndimo maua na chungwa vilimo. (Nitumie nafasi hii kuwaondolea wasomaji ile picha ya vitabuni inayogawa ulimi katika maeneo, utamu mbele na uchungu nyuma. Picha hiyo ilitokana na kusomwa vibaya kwa utafiti wa Kijerumani wa mwaka 1901. Kila sehemu ya ulimi yenye vionjio hutambua ladha zote.)

Jambo la pili ni joto. Kahawa inayounguza haionjeki, kwa kuwa kinywa hushughulika na moto na kuacha mengine yote. Waonjaji wa kazi hiyo huanza kuonja kahawa inapokaribia nyuzi joto 70 za Selsiasi, na huendelea kuirudia hadi ipoe kabisa. Wanafanya hivyo kwa sababu uchachu na utamu hujitokeza zaidi kadiri kikombe kinavyopoa, na kasoro pia hukosa pa kujificha. Kahawa nzuri hubaki nzuri ikiwa vuguvugu. Ile iliyo hafifu huwa chungu, kavu na ya kuchukiza inapopoa, na hiyo ni sababu mojawapo ya watu wengi kuizoea ya moto sana yenye sukari nyingi.

Jambo la tatu, na kwangu ndilo kubwa kuliko yote, ni kwamba umeionja kahawa hiyo peke yake. Kikombe kimoja hakina cha kulinganishwa nacho, kwa hiyo akili hukiita «kahawa» na kupita. Nunua kiasi kidogo cha kahawa ya pili iliyo tofauti kabisa, kwa mfano robusta ya Kagera, ambayo kafeini yake hukaribia maradufu ya ile ya arabika na ambayo huwa nzito na chungu zaidi, kisha uzionje pamoja.

Utaratibu wa waonjaji unawezekana jikoni kwako. Chukua bilauri au vikombe viwili vinavyolingana, vya mililita 200 hivi. Katika kila kimoja weka gramu 11 za kahawa iliyosagwa kwa chenga za wastani, na kama huna mizani, vijiko viwili vya chakula visivyojazwa kichuguu vitakaribia kipimo hicho. Nusa unga ungali mkavu. Mimina maji yaliyotoka kuchemka na kupumzika kidogo, ujaze kikombe, halafu usiguse kitu kwa dakika 4. Juu patakuwa pameganda tabaka la unga na povu. Sogeza pua karibu kabisa, uvunje tabaka hilo kwa mgongo wa kijiko mara tatu na uvute harufu inayotoka, maana harufu ya wakati huo ni kali kuliko ya wakati mwingine wowote. Ondoa povu kwa vijiko viwili na unga utazama chini wenyewe. Baada ya dakika nyingine 5 au 6, chota kwa kijiko na ufyonze kwa nguvu, kwa sauti, ili kahawa itawanyike kinywani pamoja na hewa. Najua tumelelewa kutofyonza mezani kwa kelele. Kwa kazi hii mtu ajiruhusu.

Siku za mwanzo usiyatafute maua. Jiulize maswali mepesi: kati ya vikombe hivi viwili, kipi kina uchachu zaidi? Uchachu huo ni wa kupendeza kama wa tunda bivu, au unakunja uso? Kipi ni kizito ulimini? Baada ya kumeza, kuna kitu kinachobaki, na kinabaki kwa muda gani? Kuna ukakasi unaokausha mashavu? Andika majibu, japo kwa maneno mawili. Ukishazoea, mwombe mtu wa nyumbani akupangie vikombe vitatu huku umegeuka, viwili vya kahawa moja na cha tatu cha nyingine, nawe utafute kilicho tofauti. Waonjaji hufanyiwa mtihani wa namna hiyo, na sijui zoezi jingine linalotuliza akili na kuikusanya mahali pamoja kuliko hilo.

Mwisho, tazama pakiti yako. Kama kahawa imesagwa kiwandani miezi mingi iliyopita, maua yaliyoandikwa juu yake yamekwisha kutoweka. Tafuta pakiti yenye tarehe ya kukaangwa, na usage nyumbani kiasi cha kutumia wakati huo tu.

Swali: Hujambo mhariri? Nasoma chuo kikuu Nairobi na nafanya kazi ya muda katika mkahawa mmoja. Tunafundishwa kwamba kahawa ya Nyeri na Kirinyaga ina kionjo cha blakikaranti. Tunda hilo mimi nalijua kwa soda tu. Nitawezaje kuwaeleza wateja kitu ambacho sijawahi kukila? – Mwanafunzi, Nairobi

Jibu: Sijambo, na swali lako ni la msingi. Orodha za vionjo zinazotumika katika biashara hii zilitungwa mbali na kwetu. Gurudumu la vionjo ambalo bila shaka limebandikwa ukutani pale kazini lilichapishwa na chama cha kahawa maalumu cha Marekani mwaka 1995, likafanyiwa marekebisho mwaka 2016 kwa ushirikiano na shirika la utafiti la World Coffee Research. Kazi yake ni njema: humwezesha mnunuzi aliye Oslo na muuzaji aliye Nairobi kuzungumzia kikombe kile kile bila kupotezana. Lakini mwonjaji hawezi kukumbuka asichowahi kukionja, na kutaja tunda lisilofahamika mbele ya mteja ambaye naye halifahamu hakumsaidii yeyote kati yenu.

Anza na kumbukumbu ulizo nazo. Nenda Marikiti asubuhi moja ununue matunda machache: forosadi, zambarau zikiwa za msimu, pasheni, balungi, ndimu, ukwaju, nyanya iliyoiva sana. Funga macho unuse kimoja kimoja, uonje, kisha urudi kwenye kikombe cha kahawa ya Nyeri. Uchachu wake unafanana na wa ndimu, ambao ni mkali na hupita haraka, au na wa zambarau, wenye weusi na ukakasi kidogo kwa ndani? Usishangae ukikutana na nyanya; kionjo hicho kimekubalika kwa muda mrefu katika kahawa za Kenya. Mweleze mteja ulichokikuta kwa jina la tunda mnalolijua nyote wawili, na jina la gurudumu ulihifadhi kwa ajili ya mtihani na mawasiliano na wanunuzi.

Huenda ukapenda kujua, na wateja wako pia, kwamba sehemu ya sifa hiyo inatokana na mbuni wa SL28, uliochaguliwa katika miaka ya 1930 na maabara ya kilimo iliyoitwa Scott, pale Kabete. Mbegu yake ilitokana na mibuni inayostahimili ukame iliyoonekana Monduli, Tanganyika, mwaka 1931. Kikombe kinachosifiwa duniani kote kuwa cha Kenya kina asili yake upande wa pili wa mpaka, na hilo ni jambo jema kwetu sote kulifahamu tunapokinywa.

Swali: Assalaam alaykum. Mimi ni mzaliwa wa Unguja ninayeishi Maskati. Nyumbani tunakunywa kahawa kwa iliki, mara nyingine na zafarani, na nilipokuwa mdogo tuliinywa chungu kwa tangawizi. Mwanangu, aliyejifunza mambo ya kahawa maalumu, ananiambia viungo vinaua kahawa. Ni kweli? – Mama, Maskati

Jibu: Waalaykum salaam, mama yetu. Mwanao anasema kweli kwa kahawa moja na anakosea kwa nyingine. Kama ameleta arabika ya Yirgacheffe, Ethiopia, iliyokaangwa kidogo ili harufu yake ya maua na limau ibaki, kuitia iliki ni kuifunika, na hapo ana haki ya kulalamika. Lakini kahawa ya mabarazani ya Unguja, Lamu na Mombasa, na hiyo ya Oman inayotangulizwa na tende na halwa, ni kinywaji kilichotungwa pamoja na viungo vyake tangu mwanzo. Kuihukumu kwa kipimo cha kikombe kitupu cha arabika si uadilifu.

Tena nathubutu kusema kuwa adabu za kahawa hiyo zina mengi ya kumfundisha mwanao. Kikombe ni kidogo kwa makusudi, hivyo hakipoi kabla ya kwisha na mtu hapigi mafunda makubwa. Utamu haumo katika kahawa. Umo katika tende au kashata inayoliwa kando, na kinywa huenda na kurudi kati ya utamu na uchungu, kila kimoja kikimsaidia mwenzake aonekane. Anayekunywa hana haraka, na anayemimina humtazama mgeni ajue kama ametosheka. Watu wa kahawa maalumu wanatafuta utulivu kama huo kwa vitabu na mafunzo.

Nipendekeze jambo moja mfanye pamoja. Pikeni mdila mmoja kwa iliki mliyozoea na mwingine bila kitu, kwa kahawa ile ile, mbadilishane. Baada ya hapo badilisheni iliki: ya maganda ya kijani iliyopondwa wakati huo huo, na ya unga wa dukani. Mwanao ataona kuwa viungo navyo vina ubora wa kuonjwa, nawe huenda ukagundua kwamba kahawa yenyewe uliyoizoea ilikuwa imeungua kidogo na iliki ilikuwa inaisitiri.

Swali: Ndugu mhariri, hapa Bukavu tunapata kahawa ya Kivu na ile ya Rwanda inayovuka Ruzizi. Mara chache, bila kutarajia, kikombe kimoja hunuka kiazi kibichi kilichomenywa, na kinachofuata kutoka mfuko ule ule kinakuwa safi kabisa. Ni mimi ninayekosea kupika? – Msomaji, Bukavu

Jibu: Si wewe, kaka. Umeitambua kasoro maarufu ya kahawa za eneo la Maziwa Makuu, inayojulikana kwa jina hilo hilo la kiazi, na kuitambua bila kufundishwa kunaonyesha kwamba unaonja kwa makini. Imehusishwa na mdudu wa jamii ya kunguni aitwaye antestia, ambaye hutoboa tunda la kahawa likiwa bado mtini. Kutokana na jeraha hilo, ndani ya punje hutokea kemikali ambayo pua ya binadamu huinasa hata ikiwa kidogo mno. Haina madhara kwa mnywaji, lakini punje moja tu ikisagwa na nyingine inatosha kuharibu kikombe kizima.

Hiyo ndiyo sababu ya kikombe kimoja kunuka na cha pili kuwa safi, na ndiyo pia mojawapo ya sababu za waonjaji kuandaa vikombe 5 vya kahawa moja, kila kimoja kikisagwa peke yake: wanataka kujua kama mfuko mzima unalingana. Kwa nyumbani, usisage kahawa ya jagi zima kwa mara moja. Saga ya kikombe kimoja kimoja na unuse unga kabla ya kumimina maji, maana harufu hiyo hujitokeza ikiwa bado kavu. Ukiipata, tupa unga huo, futa mashine, saga mwingine. Wakulima wenye bidii hupunguza tatizo kwa kupogoa mibuni, kudhibiti mdudu huyo, na kuyatenga matunda yanayoelea majini kabla ya kumenywa. Kwa hiyo ukipata mfuko uliokuwa safi toka mwanzo hadi mwisho, ujue kuna mikono mingi iliyochambua, na inastahili bei yake.

Swali: Kahawa ninayopewa na dada yangu akitoka Moshi ni tamu sana kwake, lakini nikiipika hapa Dodoma inakuwa butu, haina hata chembe ya uchachu. Tatizo ni nini? – Msomaji, Dodoma

Jibu: Tafuta jibu kwenye maji, dada. Zaidi ya asilimia 98 ya kikombe ni maji, na maji ya visima yenye chumvichumvi na madini mengi huzima uchachu na kuifanya kahawa ionekane ya chaki. Wanaoishi Dar es Salaam wakitumia visima wanalijua hilo hata kwa chai. Pika kikombe kimoja kwa maji ya bomba au kisima chako na kingine kwa maji ya chupa yasiyo na madini mengi, uvionje pamoja. Kama tofauti ni kubwa, umepata jibu, na maji safi ya mvua yaliyochujwa na kuchemshwa yatakufaa bila gharama.

Joto la maji nalo hutegemea mahali. Pwani maji huchemka kwa nyuzi 100, na ni vyema kuyaacha yatulie kwa dakika moja au zaidi kidogo. Nairobi au Mbeya, penye mwinuko wa mita 1,700 hivi, huchemka yakiwa kwenye nyuzi 94 au 95, kwa hiyo wakazi wa huko wamimine mara moja.

Swali: Je, kahawa ya daraja la AA ndiyo yenye ladha bora? – Mfanyabiashara, Arusha

Jibu: Hapana. AA inaeleza ukubwa wa punje, yaani ile inayobaki juu ya chekeche lenye matundu ya milimita 7 hivi. Punje kubwa mara nyingi zimekomaa vizuri, na kuwa na ukubwa mmoja huzisaidia kukaangwa kwa usawa, ndiyo maana soko huzipenda. Lakini kuna AB, yenye punje ndogo kidogo, inayoipita AA ya shamba la jirani, na kuna ile ya punje moja ya mviringo, inayouzwa kwa alama ya PB, ambayo wengi huifuata kutoka Tanzania. Onja kwanza, ndipo utazame herufi.

Swali: Mhariri, mimi ni mkulima wa kahawa hapa Mbinga tangu ujana wangu, na baba yangu aliilima kabla yangu. Tunavuna, tunaosha, tunaanika, tunapeleka kwenye chama cha msingi. Nyumbani tunakunywa chai. Sijawahi kuionja kahawa ya shamba langu hata siku moja, na sasa nasikia Wazungu wanaisifu. Nifanyeje niijue nilichokuwa nauza? – Mzee mkulima, Mbinga

Jibu: Shikamoo mzee wangu. Barua yako nimeisoma mara kadhaa, na naamini inaweza kuandikwa na maelfu ya wakulima kutoka Rombo hadi Kirinyaga. Kahawa yetu nyingi husafirishwa ikiwa haijakaangwa, na aliyeitunza kwa miaka hukosa kujua ikoje ikifika kikombeni. Nasema bila kusita kwamba mtu wa kwanza kuionja kahawa anapaswa kuwa mwenye shamba. Mnunuzi anapokuambia ina kasoro, uweze kujua kama anasema kweli.

Vyombo unavyohitaji vimo nyumbani. Chukua kilo moja ya kahawa iliyokwisha kukauka ikiwa bado na ganda lake gumu, itwange polepole katika kinu kwa mchi bila kuiponda, kisha pepeta kwa ungo hadi zibaki punje za kijani. Chambua zilizovunjika, nyeusi na zilizotobolewa na wadudu; usizitupe, ziweke kando. Tia gramu 200 za punje safi katika kikaango kizito au chungu kipana, juu ya moto wa wastani, na ukoroge bila kuacha. Zitageuka njano na kunuka majani makavu, baadaye mkate. Baada ya dakika 8 hadi 12 hivi utasikia mlio wa kupasuka kama wa bisi. Mlio huo ndio wa kuusubiri. Acha zipasuke kwa dakika moja au mbili, koroga kwa kasi, na uipue zikiwa za hudhurungi, kabla hazijawa nyeusi na kutoa mafuta. Zimwage mara moja kwenye ungo, uzipepete zipoe na ngozi zake nyepesi ziruke. Ziache hadi kesho yake, kwa kuwa kahawa iliyotoka motoni hutoa gesi nyingi inayozuia maji kuivuta ladha.

Nasisitiza juu ya kuipua mapema, mzee wangu, kwa sababu kahawa iliyounguzwa yote hufanana. Ya kwako, ya jirani na ya nchi nyingine zote huwa na ladha ya mkaa. Ukiikaanga kiasi, ndipo kazi yako ya shambani itakapoonekana. Saga, upike kwa utaratibu wa vikombe niliomweleza msomaji wa Kinondoni hapo juu, uionje bila sukari ikiwa vuguvugu.

Kisha zikaange zile punje ulizozitenga, peke yake, uweke kikombe chake kando ya kile cha kwanza. Hapo utaona kwa kinywa chako kwa nini kiwanda husumbua watu kuhusu uchambuaji. Ukikuta ukakasi na ladha ya karanga mbichi, mara nyingi ni matunda yaliyochumwa kabla ya kuiva. Harufu ya siki, pombe au kitunguu kilichooza hutokana na kahawa iliyolala kabla ya kumenywa, au iliyokaa kupita kiasi katika uchachushaji, ile hatua ya kulegeza utelezi kabla ya kuosha, au iliyooshwa kwa maji machafu. Harufu ya udongo na uvundo huonyesha kwamba iliguswa na unyevu wakati wa kukaushwa, hasa ikianikwa chini badala ya juu ya kichanja. Kahawa iliyochumwa nyekundu, ikamenywa siku ile ile, ikaoshwa vyema na kukaushwa taratibu kwenye kichanja huwa safi: unameza, na kinachobaki mdomoni ni utamu.

Msimu ujao tenga vifurushi vidogo, kila kimoja na karatasi yake: sehemu ya shamba ilikotoka, tarehe ya kuchumwa, saa ilizochachushwa, siku ilizoanikwa. Taasisi ya Utafiti wa Kahawa Tanzania, iliyoanza mwaka 2001 na yenye makao makuu Lyamungo, ina kituo Ugano hapo hapo Mbinga. Wapelekee maswali yako. Bodi ya Kahawa nayo ina waonjaji wake Moshi, na chama chenu kina haki ya kuuliza kahawa yenu ilipewa maelezo gani kabla ya mnada, si bei peke yake.

Waite na wanachama wenzako, akina mama na vijana pia, kwa sababu wao ndio wachumaji na waanikaji wakubwa. Pangeni vikombe kutoka mashamba manne au matano bila majina, kila mmoja aonje kimya na kuandika kabla ya mtu yeyote kusema, maana mzee akisema kwanza wengine watakubaliana naye kwa heshima. Baada ya kuandika, semeni wazi, ndipo mfunue majina. Mkigundua shamba ambalo kikombe chake kimewashinda wote, mwulizeni mwenyewe alifanya nini tangu siku ya kuchuma, na mtuandikie alichowajibu. Tutakichapisha hapa ili wakulima wa kwingine nao wakijaribu.